Jinsi ya kuwasaka bakteria wanaotengeneza plastiki kwenye udongo wa kwenu

Kila mwaka lazima aje maabara mwanafunzi mmoja au wawili na project ya plastiki inayooza, amesoma mahali kwamba kuna bakteria wanatengeneza plastiki ndani ya miili yao, amefurahi balaa, na kila mwaka wengi wanakwama pale pale, yaani bakteria wameota vizuri, sahani zimejaa, ila ukipaka rangi ukaweka kwenye maikroskopu hakuna kitu. Patupu. Anaanza kulaumu udongo, analaumu rangi imeisha muda, analaumu maikroskopu. Kumbe kosa ni chakula. Amewalisha vizuri mno. Huyu mdudu hatengenezi plastiki akiwa kwenye raha, anatengeneza pale sukari ipo ya kumwaga halafu kitu kingine cha lazima kimemkatikia, mara nyingi nitrojeni. Hilo ukilishika kazi nusu umemaliza, na mengi nitakayoandika hapa chini ni kulizunguka hilo hilo.

Plastiki yenyewe tunayoitafuta inaitwa PHB kwa kifupi (polihaidroksibutireti), ni mwanafamilia wa kundi kubwa la plastiki za bakteria liitwalo PHA. Aliyeiona mwanzo ni Mfaransa Maurice Lemoigne wa Institut Pasteur, miaka ya 1920, kwenye bakteria anayeitwa Bacillus megaterium, na siku hizi wataalamu wamembadilisha jina wanamwita Priestia megaterium kwa hiyo ukikutana na majina mawili usichanganyikiwe, ni huyo huyo. Kwa bakteria PHB ni akiba. Kama nundu ya ngamia, siku majani yapo mafuta yanapanda kule juu, siku za ukame anajilia taratibu. Bakteria naye anaweka vipunje ndani ya seli, kila kipunje kama nusu ya maikromita au chini, na akikolea kweli kweli seli nzima inakuwa imeshindiliwa vipunje, kuna aina zinafika asilimia 80 ya uzito mkavu au kupita. Ajabu yake ni kwamba hiyo akiba yake ukiitoa ukaiyeyusha unaweza kuifinyanga kama plastiki ya kawaida.

Kwanza waelewe mafundi watatu

Najua unataka kuruka uende kwenye vitendo, ila kaa hapa dakika tano maana usipoelewa enzaimu (vimeng'enya kwa wale wa Kiswahili cha darasani) utakuwa unafuata resipe kama kipofu, ikigoma hujui pa kugusa.

Sukari ikishavunjwa na bakteria inafika hatua inaitwa asetili-KoA, yaani kipande kidogo cha kaboni kilichoshikwa na mbebaji anayeitwa KoA. Hii ni kama njia panda, kutoka hapo inaweza kwenda kuchomwa ipate nguvu, inaweza kwenda kujenga mwili, au inaweza kwenda akiba. Njia ya akiba ina mafundi watatu, yaani enzaimu tatu.

Wa kwanza PhaA. Anachukua asetili-KoA mbili anaziunganisha, hapo KoA moja inachomoka inabaki huru. Wa pili PhaB, yeye anachukua kile alichounganisha mwenzake anakiongezea haidrojeni, na haidrojeni hiyo anaitoa kwa NADPH, ndo mbebaji wa nguvu mle ndani. Sasa wa tatu, PhaC, huyu ndo bosi wa kazi, sinthesi yenyewe. Anachukua vile vipande anavitunga kimoja baada ya kingine kama mtu anatunga shanga, kila shanga ikiingia KoA inadondoka pembeni, mnyororo unarefuka mpaka maelfu ya shanga. Mahali pa kushikia uzi kwenye PhaC ni asidi amino moja inaitwa sisteini, ile yenye salfa, mnyororo unaokua unaning'inia hapo hapo kwenye salfa. Umbo la sehemu yake ya kazi lilikuja kuonekana vizuri kwa miale ya eksirei mwaka 2016 tu, wakati jeni zenyewe zilishajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 80. Miaka karibu 30 watu wanamtumia fundi hawajawahi kuona sura yake.

Sasa kwa nini njaa ya nitrojeni? Angalia hapa. Bakteria akiwa anakua, asetili-KoA inaliwa haraka kwenye kuchomwa na kujenga mwili, na kule kwenye kuchomwa KoA huru inaachiwa kwa wingi. KoA huru ikijaa inamziba fundi wa kwanza, PhaA, anakaa hafanyi kazi. Ukimkatia nitrojeni hawezi tena kutengeneza protini, kukua kunasimama, ila sukari bado inaingia, mambo yanarundikana, asetili-KoA inapanda, KoA huru inashuka, NADPH nayo haina pa kwenda. Hapo PhaA anafunguliwa, PhaB ana haidrojeni ya kutosha, PhaC anatunga. Ndo maana nikisema umewalisha vizuri mno simaanishi utani.

Kuna na fundi wa nne usimsahau, PhaZ, huyu ni mvunjaji. Akiba siku ikihitajika yeye ndo anafungua ghala. Tutakutana naye mbele maana anakula jasho la watu.

Udongo na chakula

Udongo chukua popote penye uchafu wa mimea unaooza, lakini penye sukari ndo pazuri zaidi: chini ya lundo la maganda ya ndizi, mfereji wa kinu cha miwa, makapi ya katani kama uko upande wa Tanga, shimo la mboji. Mimi napenda udongo wa chini ya mgomba, siyo wa juu kabisa, chimba kama sentimita 10 hivi. Jaza mfuko mdogo, andika tarehe na mahali, usiseme utakumbuka. Hutakumbuka.

Kwa walio Pwani au karibu na maziwa ya magadi kuna mchezo mwingine, kule kwenye mashamba ya chumvi wapo wanaopenda chumvi kali, Halomonas na ndugu zake, na raha yao ni kwamba kwenye chakula chenye chumvi nyingi wadudu wengine wanaokuja kukuharibia kazi hawawezi kuishi. Ila hao wanataka resipe yao, leo tukae na udongo wa kawaida.

Chakula kwa lita moja ya maji yaliyochujwa vizuri: glukosi gramu 20, amonia salfeti gramu 1 (ni kitu kile kile wakulima wanaita SA, ila ya dukani ina uchafu, omba ya maabara), sodiamu fosfeti gramu 6.7, potasiamu fosfeti gramu 1.5, magnesiamu salfeti gramu 0.2, kalsiamu kloridi na chuma kidogo sana, na mililita moja ya mchanganyiko wa madini madogo madogo kama zinki, manganizi, shaba na kobalti. Kwa sahani ongeza agari gramu 15.

Piga hesabu uone ujanja ulipo. Glukosi gramu 20 ina kaboni gramu 8. Amonia salfeti gramu 1 ina nitrojeni gramu 0.21 tu. Hapo ni kama 38 kwa 1, wakati mwili wa bakteria mwenyewe ni kama 4 kwa 1 hivi. Kwa hiyo ataanza kukua vizuri kabisa, nitrojeni itamwishia katikati ya safari, sukari bado iko mezani. Unampa mchele gunia zima na dagaa robo kilo.

Wanafunzi wanachofanya badala yake ni kuchukua ile supu ya maabara iliyo tayari, nutrient broth, maana ipo kabatini na ni rahisi. Ile ni pepton na supu ya nyama, nitrojeni tupu. Bakteria watanenepa wajae chupa, plastiki kiduchu au hakuna.

Tahadhari ya jikoni: sukari usiichemshe pamoja na zile chumvi nyingine kwenye otokilevu. Iyeyushe kwenye mililita 100 zake pembeni, isteriliwe peke yake, uje uchanganye zikipoa kiasi. Ukichanganya mapema inakuwa kahawia kama chai ya rangi na unaanza kazi na chakula kilichoungua. Magnesiamu nayo ipeleke peke yake, ikikutana na fosfeti kwenye moto inaganda inashuka chini kama unga. Otokilevu ni nyuzi 121 dakika 15, na kama chuo chenu otokilevu imekufa (zinakufa sana) sufuria ya presha nzuri inafanya kazi, hesabu dakika kuanzia mvuke ulipoanza kutoka kwa nguvu siyo kuanzia ulipowasha moto.

Kuwatoa kwenye udongo

Gramu moja ya udongo kwenye mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, acha mchanga ushuke. Hapa una njia mbili. Kama unataka kila aina ya mdudu endelea moja kwa moja. Kama unataka kurahisisha maisha weka hiyo chupa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10, wengi watakufa watabaki wale wenye spora, kina Bacillus, na humo ndimo alimo yule wa Lemoigne. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi nasema pasha moto. Bacillus ni wakubwa, seli zao zinaonekana vizuri, vipunje hata mtu mwenye macho ya kuungaunga anaviona.

Halafu punguza mara kumi kumi, mililita moja kwenye tisa, tena moja kwenye tisa, mpaka mara ya tano au sita, miminia mililita 0.1 kwenye sahani utandaze. Nyuzi 30, siku mbili mpaka tatu. Dar es Salaam inkubeta ni chumba chenyewe, huko kwenye baridi tafuta boksi na balbu.

Zikiota chagua koloni chache za kila aina, zichore upya mpaka upate kila mmoja peke yake. Usichague kwa uzuri wa rangi, watu wanapenda za njano na pinki, mara nyingi mwenye mali ni yule mweupe mzito asiyevutia.

Kupaka rangi

Hapa tunatumia Sudan Black B, rangi inayopenda mafuta. Kuna njia bora zaidi ya Nile red, unaichanganya kabisa kwenye agari na wenye plastiki wanang'aa ukiwamulika kwa taa ya UV bila kuwaua, ila rangi yenyewe bei yake na taa yenyewe si kila mahali ipo. Sudan Black ipo.

Njia ya haraka ya kuchuja sahani nzima: Sudan Black asilimia 0.02 kwenye ethano ya 96, mimina juu ya koloni, acha dakika 30, mwaga, suuza na ethano. Wenye akiba wanabaki na rangi ya bluu inayoelekea nyeusi, wengine wanarudi weupe.

SASA SIKILIZA. Hiyo ethano inaua. Ukishamimina hao ni marehemu, huwezi kumchukua mweusi ukamwotesha tena. Lazima kabla ya kumimina uwe umenakili sahani, chora gridi ya namba chini ya sahani mbili, kila koloni igusishe na kijiti namba 1 huku na namba 1 kule, moja unaitunza kwenye friji nyingine unaiua. Nasema kwa uchungu. Mimi mwenyewe nilimiminia sahani ya asili, ya pekee, nikapata koloni moja nyeusi tii kama kaa la mkaa, nikapiga picha, nikaita watu waje waone, ndipo mama mmoja wa usafi ambaye alikuwa amezoea kutuona akaniuliza, "sasa mwanangu huyu si umeshamuua?" Nilirudi kwenye ule udongo mara nne, sikumpata tena.

Ukishapata washukiwa uende kwenye slaidi. Paka utando mwembamba, pitisha juu ya moto ukauke ushike, mimina Sudan Black asilimia 0.3 kwenye ethano ya 70, acha dakika 10 mpaka 15, isikauke juu ya slaidi, ikianza kukauka ongeza tone. Mwaga, futa kwa karatasi bila kusugua, chovya kwenye zaileni sekunde chache ili rangi ya ziada itoke, kisha safranini ya asilimia 0.5 sekunde 10 tu, suuza, kausha. Lenzi ya 100 na mafuta yake.

Utaona hivi: mwili wa seli ni pinki, na ndani yake kuna vidoa vyeusi-bluu, vingine viwili vitatu, vingine vimepangana mstari kama mbegu ndani ya ganda la kunde. Safranini ukiizidisha kila kitu kinakuwa chekundu na vidoa vinazama. Ukiona doa moja tupu jeupe la duara linalong'aa katikati halijachukua rangi yoyote, hiyo ni spora, siyo plastiki, usishangilie.

Na ukweli mwingine, Sudan Black haijui plastiki, inajua mafuta. Mafuta yoyote. Kwa hiyo weusi ni dalili tu, ushahidi uko mbele.

Kuwazalisha kwenye maji

Tumia hatua mbili. Kwanza otesha mdudu wako kwenye supu tajiri usiku mmoja apate idadi, hapo nutrient broth ruksa. Asubuhi mchukue, zungusha kwenye sentrifyuji, mwoshe kwa maji ya chumvi ili usimpeleke na nitrojeni ya jana, halafu mtie kwenye chakula chetu cha njaa, mililita 100 ndani ya chupa ya mililita 500. Usijaze chupa. Hewa inahitajika sana na watu wengi wanabana hapa, chupa imejaa mpaka shingoni halafu wanashangaa. Tikisa mizunguko 150 kwa dakika, nyuzi 30.

Kila baada ya saa 12 toa tone upake rangi. Siyo uvivu wa kusubiri mwisho, unatafuta kilele. Maana yule fundi wa nne, PhaZ, hajalala. Sukari ikiisha au mdudu akianza kujiandaa kwa spora anafungua ghala anakula. Bacillus ndo wana tabia hiyo zaidi, saa 48 wamejaa, ukimwacha wikendi nzima Jumatatu unakuta spora tupu na ghala limefagiliwa. Wengi wa kwangu walikuwa wanafika kilele kati ya saa 36 na 60, wako anaweza kutofautiana ndo maana unaangalia.

Ukitaka kutumia molasi badala ya glukosi ili iwe rahisi, sawa, ila ichuje, iyeyushe sana, na ujue ina nitrojeni yake kidogo kwa hiyo punguza SA. Na kama kuna mtu amekupa Cupriavidus necator H16, yule bakteria maarufu ambaye ndo karibu kila kitu kuhusu enzaimu hizi kimejulikana kupitia kwake, usimpe glukosi, hali. Mpe fruktosi. Nimeona mtu anapoteza mwezi kwa sababu hiyo.

Kuitoa plastiki

Hatua hii siyo ya jikoni kwenu, siyo ya stoo, ni ya maabara yenye kabati la kunyonya hewa, glavu na miwani, na mtu mwingine awepo. Klorofomu siyo mchezo.

Zungusha, mwaga maji, osha, kausha kwenye nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, pima. Huo ni uzito mkavu wa seli. Kisha tia hipokloriti ya kama asilimia 4, hiyo ni jiki kwa lugha ya nyumbani, saa moja nyuzi 37. Inayeyusha protini na takataka zote za seli, plastiki inabaki. Jiki usiikutanishe na asidi yoyote, inatoa gesi ya klorini, na ioshe kwa maji mara mbili tatu mpaka harufu iishe kabla hujagusa spiriti yoyote. Baada ya hapo osha kwa ethano, kausha, iyeyushe kwa klorofomu ya uvuguvugu, chuja, mimina kwenye sahani ya GLASI uache klorofomu ikauke yenyewe ndani ya kabati.

Nimeandika glasi kwa herufi kubwa kwa sababu. Kuna kijana alinijia mbio amepata plastiki nyingi ajabu, mzito, inang'aa, ameshamwambia mwalimu wake, ameshapanga kuandika. Nikamwuliza umemimina kwenye nini. Akanionyesha sahani ya petri ya plastiki, chini ina shimo na kingo zimekunjamana. Klorofomu ilikuwa imekula sahani. Plastiki aliyopata ilikuwa ni sahani yenyewe, sahani mpya ya duka.

PHB halisi ikikauka ni ngozi nyembamba, nyeupe kidogo, inapitisha mwanga kiasi, ukiikunja inakatika *ka*. Ni ngumu ila inavunjika kirahisi, na inayeyuka kwa karibu nyuzi 175 mpaka 180, joto ambalo halipishani sana na lile linaloanza kuiharibu, kwa hiyo viwandani inawasumbua. Dawa yake ni kumlisha bakteria asidi ya propioni kidogo pamoja na sukari, PhaC anatunga shanga za aina mbili zilizochanganyika, mnyororo unashindwa kujipanga vizuri na plastiki inalainika. Hiyo inaitwa PHBV na ndo kampuni ya ICI ya Uingereza ilitengeneza kwa jina la Biopol, chupa za shampuu za Wella zikatoka nazo Ujerumani mwaka 1990. Usizidishe, propioni ikizidi inawaua.

Kipimo cha uhakika: weka kidogo kwenye asidi salfuriki kali, nyuzi 100 dakika 10. PHB inageuka asidi ya krotoni, na hiyo inakula mwanga wa nanomita 235. Ipoze, ipime kwenye spektrofotometa, linganisha na PHB ya kununua. Kikombe cha kupimia kiwe cha kwatzi, siyo glasi wala plastiki, kwenye UV hivyo vingine vinakula mwanga vyenyewe. Nasema tena asidi kali ya moto, miwani usoni.

Hesabu: kama seli kavu zilikuwa gramu 0.4 na PHB gramu 0.16, una asilimia 40, kwa mdudu wa porini ambaye hajaguswa hiyo ni nzuri sana. Usikate tamaa kwa 15.

Na hapa mtu anauliza, mbona basi bado tunatumia plastiki ya mafuta? Angalia sukari. Kikomo cha kikemia ni kama gramu 0.48 za PHB kwa kila gramu ya glukosi, yaani hata bakteria angekuwa malaika unahitaji zaidi ya kilo mbili za sukari kwa kilo moja, kwa uhalisia inakwenda kilo tatu hivi, hapo hujalipa umeme wa kutikisa wala klorofomu. Ndo maana watu wanahangaika na molasi, mafuta ya kupikia yaliyotumika na maji machafu. Wengine waliamua kuhamishia jeni za PhaA, PhaB na PhaC kwa E. koli, bakteria wa kawaida wa maabara, tangu 1988, maana E. koli hana PhaZ, akitengeneza hawezi kula, ghala halina mlango wa kutokea. Ujanja mzuri kweli.

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko 2017 na Tanzania 2019, madukani imejaa vitu vimeandikwa "bio" hivi na vile, na wanafunzi wanachanganya. PLA kwa mfano, ile plastiki ya asidi ya laktiki, bakteria anatengeneza asidi ya laktiki tu, kuiunganisha kuwa plastiki ni kazi ya kiwanda siyo ya enzaimu, na inataka mboji ya moto wa karibu nyuzi 60 ili ioze vizuri. PHB yetu imetungwa mwanzo mpaka mwisho ndani ya mdudu, na udongo wa kawaida unaijua.

Kabla hujafunga maabara

Mdudu wako aliyefaulu mtunze kwenye gliserini asilimia 20 ndani ya friza, mirija miwili, sehemu mbili tofauti, maana umeme unakatika. Andika kwa penseli au wino usiofutika na spiriti. Sahani zote za zamani ziue kwa otokilevu au jiki usiku kucha, hawa ni wa udongoni lakini huwajui wote, kina Bacillus cereus wanaotia watu sumu ya chakula nao wana spora na wanapita vizuri kabisa kwenye ule mtihani wetu wa nyuzi 80. Usile chips juu ya benchi.

Ile ngozi ya PHB kata vipande vya sentimita mbili kwa mbili, pima kila kimoja, viweke ndani ya kitambaa cha chandarua cha nailoni kilichoshonwa ili usivipoteze, weka na kipande cha mfuko wa kawaida kwa kulinganisha, vizike pale pale ulipochimba udongo, kina cha sentimita 10, pawe na unyevu. Kila wiki mbili fukua kimoja, suuza kwa maji taratibu, kausha, pima. Mwanzo hutaona kitu, kisha ngozi inapoteza mng'aro, inakuwa na vishimo vidogo kama imetafunwa na mchwa. Ni enzaimu nyingine hizo, ndugu wa yule PhaZ, ila hawa bakteria na fangasi wanazitema nje kwenye udongo. Kipande cha mfuko kitatoka vile vile ulivyokizika, na tope lake.